Milango Miwili ya Dereva

Kinyozi hajinyoi, wahenga walisema, na Gundi alikuwa na ushahidi wa magurudumu manne.

Kazi yake ilikuwa kuyavisha magari kwa ndani. Viti, dari, mazulia, na zaidi ya vyote milango: ile sehemu ya katikati ya mlango iliyovikwa leza au kitambaa, ambapo mtu huegemeza kiwiko na kujiona naye ni mtu. Jua likiipiga miaka nenda miaka rudi, leza hukakamaa, hupasuka, kisha huanza kubabuka na kudondosha magamba. Hapo ndipo wenye magari walipomkumbuka Gundi. Jina hilo alipewa na wenzake wa gereji, naye akalipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake, maana lilikuwa na sifa ndani yake. "Nikibandika mimi," aliwaambia wateja huku akiupiga kofi mlango alioumaliza, "gari litakufa, litazikwa, mlango utabaki." Domo alikuwa nalo, lakini tusimwonee: kazi aliijua.

Sasa tazama gari lake mwenyewe. Milango ya nyuma ilikuwa mizima kwa sababu hakuna aliyekaa huko tangu watoto waende shule ya bweni. Ile miwili ya mbele, Mungu atusitiri. Leza nyeusi ilikuwa imebabuka kuanzia karibu na kitasa hadi chini kwenye kimfuko cha kuwekea karatasi, na chini yake sponji ya manjano ilichungulia, imeoza, ikiguswa inageuka unga. Ukimuuliza, alijibu kwamba ana kazi za watu. Na kweli alikuwa na kazi za watu. Kila wiki alisema wiki ijayo, na wiki ijayo, kama kawaida yake, ikawa wiki ijayo.

Aliyeumia ni mkewe. Mkewe alikuwa muuguzi, watu wote wakimwita Sista, na sare yake ilikuwa nyeupe. Nyumbani wao wawili waliitana Baba Pacha na Mama Pacha, kwa ajili ya mabinti zao mapacha huko bwenini. Kila asubuhi Gundi alimpeleka mkewe hospitali kabla ya kwenda bandani, na kila asubuhi Sista alishuka akijipangusa mkono wa kushoto. Alisema kwa upole, akasema kwa utani, akanyamaza. Mwanamke akinyamaza, mwenye akili hutafuta bisibisi. Gundi alidhani mambo yamekwisha.

Ikafika siku Sista alipokuwa anamfunga kidonda bibi kizee mmoja wodini. Alipoinua mkono kuchukua bandeji, magamba meusi yakadondoka kutoka kwenye mkunjo wa sare, pu, juu ya sinia la vifaa vilivyokwisha kuchemshwa. Bibi akayatazama, akamtazama Sista.

"Mjukuu wangu," akasema, "hebu kaa hapa nilipo mimi. Naona wewe ndiye mgonjwa. Ngozi inakutoka."

Wodi nzima ikacheka. Sista naye akacheka, kwa sababu ni mtu wa kucheka, lakini sinia lote ilibidi lirudi kuchemshwa upya na bibi akangoja na kidonda wazi. Jioni hiyo Gundi alipokuja kumchukua, Sista aliupita mlango wa mbele, akafungua wa nyuma, akaketi.

"Vipi tena, Mama Pacha? Mimi nimekuwa teksi?"

"Teksi ina milango mizima," Sista akajibu. "Twende."

Gundi alicheka siku ile, akacheka na siku ya pili. Ya tatu hakucheka. Unajua, nyumba yao ilikuwa na wageni wasiokwisha, televisheni isiyozimwa, na jirani aliyeazima kila kitu pamoja na muda wao. Mahali pekee walipozungumza kama mke na mume ni mle garini, viti vya mbele, bega kwa bega, asubuhi na jioni. Humo ndimo walimoamua kujenga, humo ndimo walimogombana na kupatana, humo ndimo Sista alimomwambia kwamba tumboni mna mapacha, naye akapitiliza kona tatu. Sasa Sista alikuwa huko nyuma na simu yake, na Gundi akizungumza na kioo cha kutazamia nyuma. Akisema neno, linajibiwa "ehe?" Akilirudia, limekwisha kupoa. Mzaha wa kurudia ni chai ya jana.

Mlinzi wa getini akaongeza chumvi. Alikuwa mlinzi mpya, mkali, mwenye filimbi shingoni, na macho yake yalimwonyesha kile ambacho yangemwonyesha mtu yeyote: mama nadhifu kiti cha nyuma, mwanamume wa shati lenye madoa usukanini.

"Shikamoo, mama," akamwamkia Sista. Kisha akamgeukia Gundi na sauti nyingine kabisa: "Wewe dereva, ukishamshusha bosi usiegeshe hapa. Madereva wanangoja kule kwenye jenereta."

Sista angeweza kumsahihisha. Hakumsahihisha. Alishuka, akasema "Asante, dereva," akaenda zake mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Habari za namna hii zina miguu. Aliyezifikisha gereji ni mpiga rangi wa banda la jirani, ambaye walimwita Rangi Mbili tangu alipomrudishia mteja gari jeupe upande huu na la rangi ya maziwa upande ule, akaapa ni kivuli. Alikwenda hospitali kung'oa jino, akayaona na kuyasikia yote pale getini, akarudi na shavu limevimba lakini ulimi mzima. Tangu siku hiyo Gundi hakuitwa tena Gundi. "Dereva, nisaidie msasa." "Dereva, bosi hajambo?" Alijibu kwa matusi mepesi, lakini moyoni lilimchoma.

Basi akaanza kutibu, ila alitibu kivivu. Kwanza alibandika utepe mpana mweusi. Jua lilipopanda, utepe ukalegea ukaning'inia. Kisha akatundika taulo la kuogea, likadondoka kila mlango ulipofunguliwa. Mwisho, na hapa hata mimi ninayesimulia naona haya kwa niaba yake, alichukua rangi ya viatu akausugua mlango mzima hadi ukang'aa. Akamwita mkewe kwa madaha. Sista akaja, akaketi mbele, akaegemea. Aliposhuka, mkono wa sare ulikuwa na mchirizi mweusi toka begani hadi kwenye kifundo.

Siku hiyo hakupiga kelele. Alisubiri mpaka wamekula, akakunja mikono.

"Baba Pacha, Jumatatu hospitali inaanzisha basi la wafanyakazi. Litapita hapa njia panda. Kama mlango bado una magamba, mimi napanda basi."

"Hata nyuma hukai?"

"Huko nyuma nasafiri peke yangu. Afadhali nisafiri peke yangu nikiwa na watu."

Gundi aliogopa. Nyuma ya gari ni karibu bado, mtu unamwona kiooni. Lakini basi likishamzoea mkeo, na mkeo akalizoea, na akapata humo wa kuzungumza naye, utamrudisha kwa nini? Jumamosi alilala akihesabu klipu za mlango badala ya kondoo.

Jumapili Sista alikwenda kumtembelea dada yake, na Gundi akalipeleka gari bandani. Banda lilikuwa la mabati, na ndani yake mlikuwa na meza ndefu yenye matone ya gundi kavu ya miaka mingi. Kwenye rafu alikuwa na salio la kitambaa cha kijivu chenye sponji mgongoni, kizuri, kisichobabuka, alichobakiwa nacho baada ya kuvisha gari la daktari mkuu wa hospitali ileile. Lilikuwa dogo lakini lilitosha milango miwili, bila ziada. Na maduka ya vitambaa Jumapili yamefungwa.

Alipoanza, tumpe haki yake, alianza kama mtu. Akafungua skrubu zilizojificha nyuma ya kitasa, akaingiza bapa la plastiki ukingoni, akazing'oa klipu moja moja zikilia tak, tak, bila kuvunja hata moja. Akachomoa waya wa swichi ya kioo. Akatoa ile mbao nyembamba ya katikati inayobeba leza, ya mlango wa dereva kwanza, kisha ya mlango wa abiria. Akaibandua leza yote, akakwangua sponji iliyooza, akafuta vumbi la manjano. Kazi yote ya mlango, aliwaambia watu siku zote, iko katika kukwangua. Anayebandika juu ya uchafu anabandika uchafu.

Rangi Mbili akatokea. Kwake Jumapili kulikuwa na shemeji watatu, kwa hiyo alikuja bandani kupumzika.

"Alaa! Dereva leo yuko kazini Jumapili? Bosi amekunyima likizo?"

"Nyamaza, nakata."

"Kata, Dereva, kata. Na ile kofia ya udereva umenunua?"

Gundi alikilaza kitambaa kifudifudi mezani, akaiweka juu yake mbao, akaizungushia chaki. Kwa kipande cha pili ilimpasa aiweke mbao ya mlango wa pili, ambayo imepinda upande mwingine, kama viatu. Lakini mdomo wake ulikuwa kazini kuliko mkono. Alikuwa akimweleza Rangi Mbili kwa kirefu kwamba mwanamume kumwendesha mkewe ni heshima, kwamba dereva wa kweli ni yule, kwamba dereva hivi na dereva vile. Na huku akisema dereva, dereva, akaichukua tena mbao ileile, akaizungushia chaki mara ya pili. Makasi yakapita. Kitambaa kikaisha.

Mlango wa dereva ukatoka kama harusi. Alipaka gundi pande zote mbili, mbaoni na mgongoni mwa kitambaa, akangoja ikauke mpaka kidole kikiigusa kinanata bila kuchafuka, akalaza kitambaa kuanzia katikati, akakisukuma kwa kiganja kwenda pembeni, bila kiputo wala mkunjo. Hata Rangi Mbili alisahau utani. Kisha Gundi akapaka gundi mbao ya mlango wa abiria, akachukua kipande cha pili, akakipeleka juu yake. Kikagoma. Akakizungusha, kikagoma. Akakigeuza, kikakaa sawasawa, ila sponji ndiyo iliyokuwa juu na sura nzuri imelala chini.

Rangi Mbili akasogea, akatazama, akaanza kucheka taratibu kwa sababu ya jino.

"Hongera, Baba Pacha! Umezaa pacha wengine! Wanafanana mpaka miguu!"

Kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Ni sehemu ya pili ya methali ambayo watu husahau kuisema. Gundi aliketi kwenye stuli na kile kipande magotini. Milango yote ya mji ile, hakuwahi kukosea. Amekuja kukosea kwa mke wake. Jina lilikuwa limemwingia hadi kwenye makasi: amekata mlango wa dereva, na mlango wa dereva, na mwenziwe hakumkatia kitu. Aliona aibu, tena si ya Rangi Mbili.

"Unganisha vipande," Rangi Mbili akashauri, sasa kwa huruma. "Weka mshono katikati."

"Mimi? Mshono? Ningekuwa wa viraka ningeshona suruali."

Hata hivyo alijaribu kupanga mabaki mezani. Yalikuwa membamba mno. Mlango ungetoka kama ramani. Akayakusanya, akaichukua ile mbao ya abiria, akaifuta gundi kabla haijashika, kisha akachukua msasa laini na kuanza kuisugua. Hakujua anaisugua ya nini. Aliisugua tu, pembe zote, mpaka ikawa laini chini ya kiganja, kwa sababu hakuweza kumrudishia mkewe mlango hivihivi bila kuufanyia lolote. Akairudisha mahali pake, klipu zikaitika, akachomeka waya, akaenda nyumbani na gari lenye mlango mmoja bwana harusi na mwingine uchi wa mnyama.

Hakumwambia Sista jioni. Kusema kweli, alijifanya ana usingizi.

Jumatatu asubuhi basi la wafanyakazi lilifika njia panda, likapiga honi. Sista alikuwa amesimama barazani na sare nyeupe iliyopigwa pasi, mkoba begani. Gundi alifungua milango yote miwili ya mbele, akasimama kati ya mkewe na lile basi kama mshtakiwa.

"Mama Pacha, kabla hujaenda. Nimeutengeneza."

Sista akatazama upande wa dereva. "Ee! Hongera. Umependeza." Akazunguka upande wa pili. "Na huu?"

"Nimekosea kukata. Nimekata miwili ya dereva."

"Miwili ya dereva."

"Ya dereva na ya dereva. Kitambaa kikaisha. Nilikuwa naongea." Akaushika ule mlango mtupu. "Mama Pacha, nisamehe. Milango ya watu wote naijua, wako nikauacha mpaka ukaoza. Na mimi kule mbele peke yangu nimechoka. Nimechoka kuongea na kioo."

Basi likapiga honi tena. Sista hakugeuka. Alinyoosha mkono wake wa kushoto, ule wa sare nyeupe, akaupitisha juu ya mbao tupu, polepole, toka juu hadi chini, akaurudisha juu. Akautazama mkono. Mweupe. Akapitisha kiganja.

"Hii umeipiga msasa?"

"Nimeipiga."

"Yote?"

"Mpaka pembeni."

Ndipo alipoanza kucheka. Alicheka ameshika paa la gari, mkoba ukamteleza begani, akacheka hadi abiria wa basi wakafungua madirisha. "Miwili ya dereva!" akasema. "Miezi yote hii, Baba Pacha, kumbe ulikuwa unatakiwa kuubandua tu! Magamba ndiyo yaliyonitesa, nani alikuomba kitambaa?" Akalipungia basi mkono liende, akaketi kiti cha mbele, akavuta mlango. Ukafunga vizuri.

Njiani Gundi hakupata nafasi ya kusema neno. Sista alikuwa na akiba ya miezi. Alimwambia kuhusu muuguzi mkuu anayelala amesimama, kuhusu yule bibi wa kidonda ambaye amepona na sasa anataka kumtafutia mume, kuhusu barua ya pacha mkubwa anayedai yeye ndiye mdogo ili apunguziwe kazi za bweni. Gundi alisikiliza, akacheka, akapitiliza kona. Hakuna aliyelalamika.

Getini mlinzi alijitokeza na filimbi yake, akainama dirishani, akashangaa.

"Shikamoo, mama. Leo umekaa mbele na dereva?"

"Marahaba. Huyu si dereva," Sista akasema. "Huyu ni mume wangu."

Mlinzi akamtazama Gundi kwa mara ya kwanza kama mtu mzima. Akatazama mlango wa dereva, kitambaa safi cha kijivu. Akapeleka macho mlango wa mke, mbao tupu. Uso wake ukabadilika, ukawa wa mjomba aliyekuja kusuluhisha.

"Samahani, kaka, si kazi yangu," akasema kwa sauti ya chini, "lakini hilo si jambo jema. Wako umeuvisha, wa mama umeuacha hivi? Sikiliza, kuna fundi mmoja anaitwa Gundi. Ndiye aliyemtengenezea daktari mkuu, nimeiona kazi yake kwa macho yangu. Mtafute. Mwambie ni kwa ajili ya mke wako, atakusikiliza."

Sista alikuwa ameuma midomo, machozi yakimlengalenga.

"Nimesikia habari zake," Gundi akasema mwishowe. "Wanasema ana kazi nyingi."

"Za watu," Sista akaongeza.

"Hata hivyo, mwambie," mlinzi akasisitiza, akafungua geti.

Gundi alipofika bandani alikuta mteja anamsubiri, ameegemea gari lake zuri, saa mkononi. Walikuwa wameahidiana asubuhi na mapema. Gundi akamwamkia, akalipita lile gari, akaanza kufungua skrubu za mlango wa gari lake mwenyewe.

"Fundi, mimi si ndiye wa kwanza leo?"

"Ulikuwa. Kuna mteja amekutangulia."

Mteja akatazama huku na huku, asione mtu.

"Yuko wapi?"

"Yuko kazini," Gundi akasema, akichomoa klipu ya kwanza. "Anatoka saa kumi, na atakaa mbele."